Kila mwezi ukiwa mpevu mdogo wangu anarudia unga (heroini). Arosto (mateso ya kuacha unga) keshaimaliza mara tatu, sasa nini?

#1 Dagaa_Kauzu
Wakuu, mwangaluka.

Naandika nikiwa Igogo, Mwanza, mlango nimeufunga kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu. Mdogo wangu yuko chumba cha pili amelala, au anajifanya amelala. Leo siku ya tisa hajagusa unga.

Ana miaka 27, ni mvuvi wa dagaa. Alianza na tramadoli, vidonge vya maumivu, huko kwenye kambi za uvuvi visiwani, wanameza ili wakeshe na nyavu. Aliposhuka mjini akaingia kwenye koktei, unga ndani ya sigara ya bangi, na mwaka juzi akahamia kwenye sindano.

Hii ni mara ya tatu namvusha arosto hapa hapa nyumbani. Siku ya kwanza ni miayo na mafua, machozi yanamtoka kama anayekata vitunguu. Ya pili na ya tatu sitaki hata kusimulia. Ngozi inamsisimka kama kuku aliyenyonyolewa, anatapika, anaharisha, miguu haitulii, anaupiga ukuta mateke usiku kucha mpaka mpangaji wa pili akaja kugonga. Nilikuwa na ndoo mbili, paketi za ORS na uji wa ulezi mwepesi. Siku ya sita akala ugali wa muhogo kwa furu, nikasema tumevuka.

Lakini hata mara mbili za nyuma nilisema hivyo hivyo. Ya kwanza alikaa wiki tatu akaanguka. Ya pili karibu miezi miwili, akaanguka. Jana nimekaa na kalenda ya ukutani, ile yenye alama za mwezi, nikashtuka: mara zote mbili mwezi ulikuwa mpevu. Na mpevu mwingine ni siku nne kutoka leo.

Tajiri wake mwenye boti kapiga simu, anamtaka kambini giza likianza. Mke wangu anasema nimpeleke hospitali ya Sekou Toure akaanze methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya unga. Mimi naona kisiwani atakuwa mbali na maskani ya mateja. Mnasemaje? Na huo mwezi, kuna mtu ameshaona kitu kama hiki?

#2 Mzee_wa_Michembe
Nimekaa na chai yangu na michembe. Waje wajuzi.

#3 Shemasi_Nyakato
Pole sana ndugu. Hilo la mwezi lisikushangaze, kuna roho zinazofanya kazi kwa majira. Dawa ya hospitali inagusa mwili tu. Funga kula siku tatu kwa maombi kabla huo mwezi haujajaa, naye ashiriki, siyo wewe peke yako.

#4 Nyavu_Tupu
Shemasi kwa heshima zote, mtoa mada kasema mdogo wake ni mvuvi wa dagaa. Hapo hakuna roho, hapo kuna mgawo.

Kwa wasiojua: dagaa wa ziwani huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwaka taa haina nguvu, dagaa hawaji. Kwa hiyo tunavua usiku wa giza, mwezi ukijaa tunapanda nchi kavu, tajiri anapiga hesabu, anakata mafuta na chakula, kinachobaki tunagawana. Kijana ambaye wiki tatu hajashika hata elfu tano, siku hiyo anashika laki na ushee, hana kazi kwa wiki nzima, na yuko mjini. Hata mimi ambaye sijawahi kugusa unga, mwezi mpevu huwa unanikuta baa Kirumba.

#5 Dagaa_Kauzu
Mkuu Nyavu_Tupu hapo umenigusa, ila kuna tatizo. Mara zote mbili hakuwa kambini, alikuwa kwangu hapa, ananisaidia kuanika dagaa mwaloni. Hakulipwa na tajiri yeyote. Mimi nilikuwa nampa ya chakula tu.

#6 Nyavu_Tupu
Yeye hakulipwa. Wenzake je?

#7 Dagaa_Kauzu
Duh.

Ngoja. Ni kweli, mara ya pili walikuja vijana wawili wa boti yao, wakakaa nje pale kwenye jiwe wakicheka naye. Nikawapa hadi maji ya kunywa.

#8 Mwalimu_wa_Hesabu
Mnakimbilia mbali. Mwezi unaonekana mpevu kwa kama wiki moja kati ya nne. Mtu akianguka siku yoyote ile, kuna nafasi moja kati ya nne aangukie wiki hiyo. Mara mbili mfululizo ni moja kati ya kumi na sita. Ni nafasi ndogo lakini si ya ajabu. Mimi kwenye bao hufungwa mfululizo kwa bahati mbaya kuliko hiyo na sijamwita mganga.

#9 Mzee_wa_Michembe
Mwalimu wewe kwenye bao hufungwa kwa sababu hujui kucheza.

#10 Nesi_wa_Zamu
Niko zamu ya usiku, naandika kwa vipande.

Kwanza mtoa mada hongera, ORS na uji ndivyo inavyotakiwa. Watu wengi wanampa mgonjwa wa arosto soda na kumwacha. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 tangu kete (dozi ya unga) ya mwisho, inafika kileleni siku ya pili na ya tatu, ndani ya wiki hadi siku kumi ya mwilini inaisha. Yenyewe ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya. Kinachoua ni kukaukiwa maji kwa kutapika na kuharisha.

Pili, kilichoisha ni cha mwilini. Usingizi, hamu, uzito wa moyo, kukosa raha hata akila nyama, hivyo vinaweza kudumu wiki nyingi hata miezi. Ubongo ulishazoea kuletewa raha kwa mlango wa nyuma, sasa inabidi ujifunze upya kuitengeneza yenyewe. Watu wanaanguka hapo. Siku ya tatu yenyewe si wengi, maana siku hiyo hata kutembea hawezi.

Tatu, hilo kufuli. Moto ukitokea humo ndani utafanyaje?

#11 Jiwe_la_Bismarck
Methadoni ni unga wa serikali. Unamtoa kwa pusha mtaani unampeleka kwa pusha mwenye koti jeupe. Nina binamu yangu ana mwaka wa tano anakunywa, akikosa siku mbili anaarosto kama kawaida. Huko ni kupona kweli?

#12 Kikombe_cha_Asubuhi
Nilikuwa nasoma tu kimya, ila #11 umenitoa shimoni.

Mimi ni binamu wa aina hiyo. Mwaka wa nne sasa. Zamani asubuhi yangu ilianza saa kumi usiku kwa miayo, nikiwaza nani nimwibie kabla hakujapambazuka. Nimeuza sufuria ya mama ikiwa na maharage ndani. Siku hizi saa moja niko kwenye foleni, naitwa, nakunywa kile kikombe, wanaongeza maji naosha kikombe nakunywa tena, dada anasema "sema kitu" nami nasema "ahsante dada", ili aone mdomo mtupu, kwamba sijaificha niende kuitema nje nikaiuze. Saa mbili niko Mabatini naosha pikipiki. Saa kumi na mbili jioni bado niko sawa. Hiyo stimu unayoiwaza haipo. Ukipewa dozi yako sahihi husikii kitu, unasikia kawaida tu. Mtu ambaye hajawahi kuikosa hiyo kawaida hawezi kujua thamani yake.

Halafu ni bure. Kete haijawahi kuwa bure.

#13 Nesi_wa_Zamu
Nimwongezee Kikombe. Heroini inashikilia saa chache, ndiyo maana teja anahangaika mara tatu nne kwa siku. Methadoni moja inashika zaidi ya siku nzima. Wanaanza chini, miligramu 15 hadi 30, wanapanda taratibu, wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwetu ilianzia Muhimbili 2011, leo ipo mikoa kadhaa, na hapa Mwanza ni Sekou Toure.

Ila Jiwe_la_Bismarck hajasema uongo wote. Ni kweli inaleta utegemezi, na arosto ya methadoni ikikatwa ghafla inachelewa kuanza lakini inaburuza wiki mbili tatu, ndefu kuliko ya unga. Ndiyo maana haikatwi ghafla, inashushwa kidogo kidogo na daktari, na wengine hawaishushi kabisa. Mwenye kisukari naye anachoma insulini kila siku na hatumwiti teja.

#14 Jiwe_la_Bismarck
Mwenye kisukari hakwenda kujitafutia kisukari kijiweni dada.

#15 Mzee_wa_Michembe
Umeona anavyokunywa soda huyo mwenye kisukari?

#16 Seremala_Pasiansi
Mimi nina miaka sita bila unga na sikunywa methadoni hata tone. Sisemi ni mbaya, nasema zipo njia zaidi ya moja.

Nilikaa miezi minne kwenye nyumba ya soba, wanakoishi wanaoacha unga, Bagamoyo, mbali na kila mtu anayejua jina langu la kijiweni. Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja, kufagia, kikao, kupika, kikao. Nilivichukia vile vikao. Lile neno lao "Kwa leo tu" nilikuwa nalitania nikisema na kesho je? Nimekuja kulielewa nikiwa nyumbani Mwanza, wiki ya kwanza, nimesimama kwa mama ntilie, akanipa chumvi imefungwa kwenye kipande cha nailoni, kile kifundo kidogo kama kete. Mikono ikaanza kutetemeka na tumbo likakoroga. Chumvi tu hiyo! Nikaacha wali mezani nikatembea kwa mguu mpaka Kitangiri bila kusimama.

Kule tuliambiwa tuepuke watu, sehemu na vitu vya zamani. Nilifuta namba zote, nikabadili hata njia ya kwenda kanisani. Mtoa mada, kwa maoni yangu hao vijana wawili wa kwenye jiwe ndio mwezi wako mpevu.

#17 Mama_Kulwa
Wanangu, mimi ni mama, niseme langu. Kijana wangu nilimfunga mnyororo kwenye nguzo ya nyumba siku kumi na moja. Majirani walisikia, hakuna aliyekuja. Alilia, akanitukana, akaniita majina ambayo sikujua kama anayajua. Arosto ikaisha kweli. Nikamwogesha kwa mikono yangu, nikaona vifundo vya miguu vimechubuka hadi nyama. Siku ya kumi na mbili nikamfungua, nikaenda kumnunulia sato.

Niliporudi hayupo. Na mnyororo haupo, kaenda kuuuza kwa vyuma chakavu.

Nilicheka wanangu. Nilikaa chini na yule sato nikacheka mpaka nikalia. Huyo kijana sasa yuko mwaka wa pili kwenye methadoni, tunakwenda vizuri, wiki iliyopita kanitania ananidai hela ya mnyororo. Makovu anayo.

Baba mwenye ufunguo mfukoni, nakuombea.

#18 Dagaa_Kauzu
Mama shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Kufuli nimelitoa, nimeweka kiti mlangoni nalala hapo. Nesi umenitisha na moto.

#19 Mama_Kulwa
Marahaba mwanangu.

#20 Baharia_Goziba
Msimrudishe kambini jamani. Hiyo hadithi kwamba kisiwani hakuna dawa iliisha zamani. Tramadoli inakuja kwenye boti ileile inayoleta sukari na sigara. Na mtu aliyetoka kwenye unga akianza kumeza tramadoli anajidanganya kaacha, kumbe ni ndugu wa ukoo mmoja. Nimeshuhudia mtu akipata degedege usiku tuko majini, alikuwa amemeza nyingi. Tulimkalia miguu mpaka tukafika nchi kavu. Zahanati iko kisiwa kingine.

#21 Nyavu_Tupu
Hapo nakubaliana na Baharia japo roho inaniuma. Ila pia msiseme kazi ni mbaya. Mimi nimeona watu wawili kambini kwetu walioacha kabisa kwa sababu ya jembe la maji, mikono ikiwa na kazi kichwa kinatulia. Kilichowaokoa, tajiri alikuwa anampa mke hela, siyo wao. Wakishuka wanakuta unga wa ugali na siyo unga mwingine.

#22 Kijana_wa_Mkuyuni
Mkuu mtoa mada, Sekou Toure wanapima mkojo kabla ya kumwandikisha. Siku tisa safi mkojo hautaonyesha kitu, watasema siyo teja. Mpe apige kete moja tu siku ya kwenda, kamaliza.

#23 Nesi_wa_Zamu
Kijana_wa_Mkuyuni futa hiyo. Nakuomba futa sasa hivi.

Mwili wa mtu aliyekaa siku tisa hauna tena ule uzoefu. Kete aliyokuwa anapiga bila kutikisika wiki mbili zilizopita leo inaweza kumsimamisha pumzi. Wakati wa kufa kwa unga hasa ni huu, baada ya kuacha, baada ya kutoka jela, baada ya kutoka soba. Wengi tunaowapokea usiku na midomo ya bluu si wale wa kila siku.

Aende jinsi alivyo. Aeleze historia yake, aonyeshe mikono yake. Daktari ndiye ataamua kama aanze dawa, kwa dozi gani, au afuatwe kwa ushauri bila dawa. Wapo wanaoanzishwa hata kama mkojo ni safi, kwa uangalifu, wapo wasioanzishwa. Watampima pia VVU, homa ya ini na TB, maana alikuwa anajidunga. Asiogope kukamatwa, pale ni tiba. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya wenyewe wana namba ya bure, 119, ukitaka kuelekezwa.

#24 Kikombe_cha_Asubuhi
Anachosema nesi nimekiona kwa macho. Rafiki yangu alitoka gerezani baada ya miezi minane, tukampokea kwa shangwe kijiweni. Akasema mnipe kama ile ya zamani. Alikoroma. Sisi tukadhani kalala vizuri, tukacheka, mmoja akasema "kalewa raha". Alipoacha kukoroma ndipo tukashtuka. Tulimmwagia maji, mwingine akakimbilia maziwa. Mpaka leo nikisikia mtu anakoroma kwenye daladala nateremka.

#25 Nesi_wa_Zamu
Pole sana Kikombe. Kwa wengine mnaosoma: kukoroma kwa mtu aliyepiga unga si usingizi. Maziwa hapana, maji ya chumvi kwenye mshipa hapana, kumtembeza hapana. Muite, msugue kifuani kwa vifundo vya vidole. Kama hapumui vizuri mpulizie pumzi mdomoni, akipumua mlaze ubavu, na mpelekeni hospitali mbio na mseme ukweli alichotumia. Ipo sindano, naloksoni, inamrudisha kwa dakika. Lakini nguvu yake huisha kabla ya ile ya unga, kwa hiyo akizinduka asiondoke.

#26 Kijana_wa_Mkuyuni
Naifuta kauli yangu. Sikujua, samahani wakuu.

#27 Shemasi_Nyakato
Mimi bado nasema maombi yana nafasi yake. Na siyo nasema asiende hospitali.

#28 Seremala_Pasiansi
Shemasi hapo tupo pamoja. Kwenye vikao vyetu nusu ya mambo ni kumkabidhi Mungu kile ulichoshindwa. Ila roho wa majira hapana, mimi nilianguka mara nne mwezi ukiwa hauonekani kabisa.

#29 Binti_wa_Mwaloni
Humu wote mnasema "kijana", "kaka". Niseme na mimi.

Nilikuwa Dar wakati huo, mimba ya miezi mitano, na nilitaka kuacha ghafla nijifungie kama mdogo wake mtoa mada. Kliniki wakanikatalia, wakasema arosto kali inaweza kutoa mimba, wakaniweka kwenye methadoni. Mwanangu alizaliwa analia kilio chembamba, anatetemeka, anapiga chafya, nikajua kabla ya daktari, maana hiyo arosto mimi naijua. Walimwangalia wodini siku kadhaa akatulia. Leo yuko darasa la kwanza na anagombana na kila mtu.

Mwanaume akiwa teja mnasema anaumwa. Mwanamke mnasema nini? Niliporudi Mwanza mama mkwe alinitengea kikombe changu peke yangu. Kikombe cha chai nasema. Mpaka leo kina alama ya rangi ya kucha chini yake.

#30 Mama_Kulwa
Njoo kwangu unywe chai mwanangu.

#31 Mzee_wa_Michembe
Michembe nitaleta mimi.

#32 Jiwe_la_Bismarck
Dada Binti, samahani kama nilisema vibaya kule juu. Ila nirudi kwa swali langu, kwa sababu ni la kweli, siyo la kejeli. Binamu yangu hawezi kusafiri. Kila siku lazima awe foleni. Msiba wa babu yake Magu alikwenda akarudi siku hiyo hiyo. Mdogo wake mtoa mada ni mvuvi, kazi yake iko majini. Ukimpa kikombe cha kila siku umemnyang'anya ziwa. Atakula nini?

#33 Kikombe_cha_Asubuhi
Hilo sina jibu la kukupiga nalo. Msiba wa mama yangu Ngudu nilikunywa dozi nikakimbilia stendi, nikazika, nikarudi usiku huohuo wakati wenzangu wamelala matanga. Inauma mpaka leo. Waliotulia muda mrefu wapo wanaopewa za kunywea nyumbani, lakini huanzi na hilo, na kisiwani nani atakuamini na chupa.

Ila nikuambie na lingine. Mwaka wa pili niliugua TB. Nikaanza vidonge, baada ya wiki moja usiku nikaanza miayo na jasho, miguu ikaanza ule mchezo. Nikajua dawa imekuwa feki, nikakaribia kurudi kijiweni. Kumbe ile rifampisini ya TB inaisafisha methadoni mwilini haraka. Nilisema kwa shida, kwa aibu, wakanipandishia dozi, nikatulia siku chache tu. Nisingesema ningeanguka na nyie mngesema ni mwezi mpevu.

#34 Mwalimu_wa_Hesabu
Kwa hiyo mpaka sasa tuna: mapepo, mgawo wa tajiri, marafiki wa boti, ubongo, chumvi ya mama ntilie, na bahati mbaya ya moja kati ya kumi na sita. Mimi bado niko kwenye ya mwisho.

#35 Baharia_Goziba
Ongeza na usingizi. Mwezi ukiwaka nyumba ya mabati haina dari wala pazia ni mchana. Mtu ambaye hajalala wiki mbili anakaa kitandani anaangalia dirisha. Saa tisa usiku ndiyo saa mbaya.

#36 Mzee_wa_Michembe
Pazia elfu nane soko la Mlango Mmoja. Tumetibu.

#37 Dagaa_Kauzu
Wakuu samahani kwa ukimya, mrejesho mfupi.

Juzi tulikwenda Sekou Toure watatu, mimi, yeye na shemeji yake. Alikataa mlangoni mara mbili, akasema ataonwa na watu wa mtaani. Mtu mmoja kwenye foleni akamwita kwa jina la kijiweni. Nikasema basi hapa tunarudi. Kumbe huyo mtu ndiye aliyemshika mkono akaingia naye. Sijui kama ni wewe Kikombe na sitaki kujua.

Hawakumwanzishia dawa siku hiyo. Daktari kamhoji peke yake kama saa nzima, wamechukua vipimo, wamempa siku ya kurudi na msindikizaji awepo. Kaambiwa hamu ikimzidi kabla ya hapo arudi siku yoyote, asisubiri tarehe. Yeye alipotoka akaniambia hataki kikombe, anataka ziwa. Mke wangu anataka kikombe. Tajiri kapiga tena, nimemwambia kama atamchukua basi hela yake iingie kwenye simu ya mke wangu, kasema atafikiria. Baharia, nimekusikia la tramadoli, ndilo linaloninyima usingizi.

Wale vijana wa boti walikuja jana jioni. Nilitoka nikawaambia hayupo. Alikuwa nyuma ya pazia (ndiyo, nimenunua, elfu saba na mia tano) anasikia kila kitu. Hakusema neno. Usiku akaniuliza, "Kaka, walikuwa wamevaa nini?" Nikamwambia jezi mpya. Akageukia ukutani.

#38 Seremala_Pasiansi
Hilo swali la jezi nalijua. Mwambie anipigie, nakutumia namba faragha. Jumamosi nina milango mitatu ya kupiga randa na sina msaidizi.

#39 Shemasi_Nyakato
Mungu ni mwema.

#40 Dagaa_Kauzu
Leo ndiyo leo. Saa nne na nusu usiku, umeme umekatika Igogo nzima na huhitaji tochi, mwezi umekaa angani kama sinia. Kiti nimekitoa mlangoni. Yuko nje kwenye lile jiwe, ana kipande cha nyavu anashona matundu, anasema mikono inataka kazi.

Sasa hivi kaja kaniomba elfu mbili ya vocha.

#41 Nyavu_Tupu
Usimpe mkononi.

#42 Mama_Kulwa
Kaa naye nje mwanangu.

#43 Mwalimu_wa_Hesabu
Elfu mbili vocha ya kuongea na nani saa hizi?

#44 Kikombe_cha_Asubuhi
Mrushie kwenye simu. Usimuulize anampigia nani.

#45 Dagaa_Kauzu
Nimemrushia ya mia tano. Niko kwenye jiwe, kanipa upande mmoja wa nyavu nishike.